Padre Fumbuka na nyimbo za Wasukuma



Leo nawaletea Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Mapadre Weupe. Wasukuma walimwita Fumbuka. Miaka ya 1950 alikuwa Bujora, pale karibu na Kisesa, kwenye njia yetu ya Bariadi kwenda Mwanza.

Wakati huo Misa ilikuwa Kilatini. Msukuma ana wimbo wa kulima, wa harusi, wa kumsifu mtemi, lakini akiingia kanisani anabaki msikilizaji tu. Fumbuka aliliona hilo likamkera. Angeweza kubeba ngoma moja kwa moja hadi altareni, watu wangefurahi sana. Yeye akakaa kwanza na wazee na makatekista, wakachambua nyimbo, methali na mila: huu wimbo unasema nini, na anayeusikia anaelewa nini?

Hapo ndipo ninapompendea zaidi. Wachezaji wetu, Bagika na Bagalu, wanashindana kuvuta watu, na mashindano hayo tangu zamani yana habari za dawa ndani yake. Mdundo uleule unaweza kubeba sifa za Mungu au majigambo ya uganga, na miguu haijui tofauti! Mtakatifu Augustino (ndiyo, bado nina falsafa kichwani) naye alihangaika kwamba sauti tamu ilimgusa kuliko maneno yenyewe. Ila hakufukuza uimbaji, maana alikumbuka alivyolia machozi akisikia nyimbo kanisani Milano.

Basi Bujora likajengwa kanisa la mviringo kama nyumba ya mtemi, na ngoma zikapata nafasi. Sikukuu ya Ekaristi ikaitwa Bulabo, yaani maua: kwanza maandamano ya Yesu wa Ekaristi, halafu Bagika na Bagalu uwanjani. Mtaguso ulipotoa hati ya Liturujia mwaka 1963, ukataka muziki wa kila taifa uheshimiwe, Bujora walikuwa wameshaanza kazi. Makumbusho ya Wasukuma yakafuata 1968. Fumbuka alifariki 1986.

Nikiwa mazoezini namkumbuka sana. Mtu analeta wimbo wa komunyo kwa sababu kinanda kimekolea, jamani, ukimuuliza ubeti wa pili unamwambia nini Yesu, kimya. Mwingine anataka wimbo wenye teolojia nzito ambao hata bibi yake hawezi kuuitikia. Fumbuka angewakalisha wote wawili chini, pamoja na huyo bibi.

Bulabo huwa mwezi Juni. Panda basi la Mwanza, shuka Kisesa.