Charles Riley na Wadudu wa Michungwa

Wasomaji wenzangu, habari za watu mashuhuri tunazozisoma mara nyingi ni za wafalme na majemadari. Mimi napenda kuwapa habari za bwana mmoja ambaye adui zake walikuwa wadudu, na ambaye kazi yake bado inatufaa sisi tulio na miti nyumbani.

Charles Valentine Riley alizaliwa London mwaka 1843. Alisoma Ufaransa na Ujerumani, akawa hodari wa kuchora. Alipopata miaka 17 alivuka bahari kwenda Marekani, akafanya kazi ya shamba katika jimbo la Illinois. Kisha akaenda Chicago kuandikia gazeti la wakulima, na mwaka 1868, naye kijana bado, akawekwa kuwa mtaalamu wa wadudu wa jimbo la Missouri. Alikaa huko miaka 9, na kila mwaka alitoa taarifa yenye picha nzuri za wadudu. Mambo ya nzige, na ya mdudu aliyeharibu mizizi ya mizabibu ya Ufaransa, nayapita upesi, ingawa Wafaransa walimpa nishani ya dhahabu kwa msaada wake. Baadaye alikuwa mkuu wa wataalamu wa wadudu wa serikali huko Washington.

Sasa nije kwenye michungwa. Mwaka 1868 hivi mdudu mgeni alionekana California. Ni wa jamii ya wadudu magamba: hukaa mahali pamoja juu ya tawi akifyonza utomvu, na jike hubeba mgongoni mfuko mweupe wenye mifereji, kama pamba iliyokunjwa, ambao ndani yake mna mamia ya mayai. Siku hizi yuko nchi nyingi za joto, na Afrika Mashariki pia. Mimi nikitaka kumtambua, kwanza naangalia sisimizi wanaopanda shina, kwa maana wanafuata majimaji matamu anayoyatoa. Pili naangalia majani, maana juu ya majimaji hayo huota utandu mweusi kama masizi. Watu wengi huyafuta masizi na kumwacha mwenye kuyaleta.

Wakulima wa California walijaribu kila njia. Walinyunyiza sabuni iliyochanganywa na mafuta ya taa, dawa ambayo ofisi ya Riley yenyewe iliitengeneza, wakafunika miti kwa mahema na kutia ndani hewa ya sumu kali. Wadudu walikufa, kisha wakarudi. Wengine walikata tamaa, wakang'oa michungwa yao na kuichoma moto.

Riley aliuliza swali jingine: mdudu huyu kwao ni wapi, na huko kwao nani anamla? Aliamini kwamba ametoka Australia, na kwamba huko hasumbui sana kwa sababu ana adui wake. Lakini sheria ya wakati ule iliwakataza watu wa idara yake kusafiri nchi za nje kwa fedha ya serikali. Basi ikapatikana njia ya pembeni. Mwaka 1888 kulikuwa na maonyesho makubwa Melbourne, na msaidizi wake, Albert Koebele, akapelekwa pamoja na wajumbe wa Marekani waliokwenda huko.

Karibu na Adelaide, Koebele alimwona mbawakawa mdogo wa duara, mwekundu mwenye mabaka meusi, akiwala wale wadudu weupe. Ndiye vedalia. Akawatuma kwa meli: kwanza 28, halafu 44, halafu 57. Hao 129 waliwekwa Los Angeles juu ya mchungwa mmoja uliofunikwa kwa hema. Walipokwisha kuusafisha mti ule, hema likafunguliwa. Kufikia Juni 1889 vedalia 10,555 walikuwa wamegawiwa wakulima 208, na baada ya mwaka mmoja na nusu hivi ule msiba ulikuwa umekwisha.

Ungedhani sasa watu wote wangefurahi pamoja. Sivyo. Watu wa California walimpa Koebele saa ya dhahabu, wakamsahau mkuu wake, na pakawa na maneno makali juu ya nani astahiliye sifa. Riley hakuwa mtu mpole, na jambo hilo lilimuuma. Kwa maoni yangu wote wawili walistahili: mmoja alijua pa kutafuta, na mwingine alikwenda akatafuta.

Aliacha kazi ya serikali mwaka 1894. Mkusanyo wake wa wadudu, zaidi ya 100,000, alikuwa amekwisha kuutoa zawadi kwa jumba la makumbusho la taifa. Tarehe 14 Septemba 1895 alianguka kutoka baiskeli yake huko Washington, akapiga kichwa juu ya jiwe, akafa siku ile ile. Zilikuwa zimebaki siku nne tu atimize miaka 52.

Zaidi ya miaka 50 baadaye, wakulima wa California walianza kunyunyiza dawa mpya ya DDT katika mashamba ya michungwa. Vedalia wakafa, na ile pamba nyeupe ikarudi juu ya matawi. Wakulima wakalazimika kupunguza dawa na kuwatafuta vedalia upya, wawarudishe mashambani.