Jung: Tabibu wa nafsi aliyesaka maana ya maisha hadi Mlima Elgon

Novemba 1925, daktari Mswisi mwenye umri wa miaka 50 alishuka melini Mombasa. Hakuja kuwinda wala kutafuta shamba. Carl Gustav Jung, aliyekwisha kujulikana Ulaya na Marekani kwa tiba ya magonjwa ya akili, alikuwa akifuatilia swali lililomsumbua kwa zaidi ya miaka 10: mtu anapopoteza imani ya wazee wake, ataishi kwa kushikilia nini?

Swali hilo lilianzia nyumbani. Jung alizaliwa Julai 26, 1875, katika kijiji cha Kesswil, Uswisi. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa la Kiprotestanti, na kijana alimwona mzee huyo akihubiri huku mashaka yakimla ndani kwa ndani. Baba alifariki dunia mwaka 1896, wakati mwanawe akisomea udaktari mjini Basel.

Mwaka 1900 Jung alianza kazi katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Burghölzli, Zurich. Wagonjwa ambao maneno yao yalionekana kuwa upuuzi mtupu, yeye aliketi nao akawasikiliza. Aliamini kuwa maono ya baadhi yao yalifanana na visasili, yaani hadithi za kale ambazo kila jamii hujielezea kwazo chanzo chake, miungu yake na mashujaa wake. Kutokana na hayo alijenga hoja kwamba chini ya kumbukumbu za mtu binafsi ipo hazina ya picha ambayo wanadamu wote wameirithi.

Hoja hiyo ilimtenga na Sigmund Freud. Walipokutana kwa mara ya kwanza mjini Vienna mwaka 1907, walizungumza kwa takriban saa 13, na Freud akamwona kuwa mrithi wake. Lakini Jung hakukubali kwamba msukumo wa kijinsia ndio ufunguo wa nafsi nzima. Mwaka 1912 alichapisha kitabu kuhusu visasili na nguvu za nafsi, na mwaka uliofuata urafiki ukavunjika.

Ndipo alipojiuliza yeye mwenyewe anaishi kwa kisasili gani, akakuta hana. Kuanzia mwishoni mwa 1913 aliandamwa na ndoto na maono yaliyomtia hofu ya kurukwa na akili. Hakuyakimbia. Aliyaandika na kuyachora katika kitabu kikubwa chenye jalada jekundu, huku wagonjwa wake, mkewe Emma na watoto wao wakimshikilia asipotee. Kitabu hicho kilichapishwa mwaka 2009, karibu nusu karne baada ya kifo chake. Humo ndimo yalimo mafunzo yake makuu: mtu hukua kwa kukubali hata upande wake anaouficha, si kwa kujifanya mwema.

Safari ya Afrika Mashariki ilikuwa mtihani wa mafunzo hayo. Katika nyanda za Athi, mbele ya makundi ya wanyama, alipata wazo kwamba kazi ya binadamu ni kuutambua ulimwengu. Bila jicho linaloona na kujua, ulimwengu ungekuwepo kana kwamba haupo. Kisha akaelekea Mlima Elgon, akaketi na wenyeji, akizungumza nao kwa Kiswahili cha kubabaisha huku akipekua kamusi ndogo.

Huko aliona watu wakitoka alfajiri, wakitema mate viganjani na kuvielekeza kwenye jua lililokuwa likichomoza. Alipowauliza maana yake, walimjibu kuwa ndivyo walivyofanya siku zote. Jung alitambua kuwa mtu anaweza kuiishi imani yake bila kuweza kuieleza.

Jibu zito zaidi lilitoka kwa mganga mzee. Jung alipomuuliza kuhusu ndoto, machozi yalimlengalenga. Zamani, alisema, waganga waliota kuhusu vita, magonjwa, mvua na mahali pa kupeleka mifugo. Tangu Wazungu waje, hakuna anayeota tena, kwa kuwa mkuu wa wilaya ndiye anayejua yote. Ukoloni haukuwa umechukua ardhi na kodi tu. Ulikuwa umechukua pia mamlaka ya watu kujitafutia maana.

Jung aliyasikia hayo, lakini hakuepuka dharau ya enzi zake. Aliendelea kuwaita Waafrika watu wa hatua ya kale ya ubinadamu, na safarini alipomwota kinyozi mweusi wa Marekani akimsokota nywele, aliichukua ndoto hiyo kuwa onyo kwamba Afrika ilikuwa ikimmeza. Mwishowe alikiri kuwa alikuja zaidi kujichunguza mwenyewe kuliko kuwachunguza wenyeji.

Alipitia Uganda, akashuka na Mto Nile kupitia Sudan hadi Misri, akarejea kwao mwaka 1926. Alifariki dunia Juni 6, 1961, mjini Küsnacht, akiwa na umri wa miaka 85.

Mlima Elgon bado umekaa juu ya mpaka, nusu Kenya, nusu Uganda, na jamii zenye asili moja zikiishi pande zote mbili. Mkuu wa wilaya wa kikoloni alikwisha kuondoka. Kazi aliyompokonya yule mganga, ya kuwaelekeza watu waendako, ilirudi mikononi mwa wenyewe.