Edwin Link na Ndege Isiyoruka

Mtoto wa Pasua aokotapo waya na vifuniko vya chupa haoni takataka, huona gari. Sisi walimu humkuta njiani akiliendesha gari lake, akinguruma kwa kinywa na kukata kona, nasi twamwamuru aache mchezo aingie darasani. Katika makala haya tumekusudia kusimulia maisha ya mtu aliyeitumia akili ya namna hiyo kuokoa roho za watu wengi, kisha tuone yanatufundisha nini juu ya kazi yetu.

Edwin Albert Link alizaliwa mwaka 1904 katika jimbo la Indiana, Marekani. Angali mtoto, baba yake alinunua kiwanda kilichofilisika mjini Binghamton, jimbo la New York, akakifanya kiwanda cha piano na vinanda vikubwa. Vinanda hivyo viliendeshwa kwa hewa. Msomaji aliyewaona wahunzi wa Mamba, katika miteremko ya Kilimanjaro, wakichochea moto kwa mivukuto, ataelewa upesi: mvukuto hujaa hewa ukainuka, hutolewa hewa ukashuka. Kazi hiyo Edwin aliizoea tangu ujana wake.

Mwaka 1920 alilipa dola 50, fedha nyingi kwa siku hizo, apate somo lake la kwanza la urubani. Mwalimu alimpandisha angani, akaipindua ndege huku na huku, akamrudisha chini bila kumruhusu kugusa usukani. Kasoro hiyo si ngeni kwetu: mwalimu alifanya yote, mwanafunzi akatazama, na somo likahesabiwa kuwa limefundishwa.

Link hakukata tamaa, akawa rubani. Lakini aliona kwamba kujifunza hewani kuligharimu fedha nyingi, na kosa dogo liliweza kumwua mwanafunzi pamoja na mwalimu wake. Kati ya mwaka 1927 na 1929, katika chumba cha chini cha kiwanda cha baba yake, aliunda ndege fupi ya mbao yenye mbawa ndogo, akaiweka juu ya mivukuto ya vinanda. Mwanafunzi aliposukuma usukani, hewa iliingia katika mvukuto mmoja na kutoka katika mwingine. Ndege ikainama, ikainuka au ikageuka, nayo haikuondoka sakafuni.

Wakuu wa urubani hawakuithamini. Wanunuzi wake wengi wa kwanza walikuwa wenye viwanja vya starehe, ambako watu walilipa senti chache wapate kujifurahisha. Hata hivyo Link aliendelea kuitumia katika shule yake mwenyewe ya urubani, akaongeza vipimo vya kumwezesha mwanafunzi kujizoeza kuruka bila kuona nje.

Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kuchukua barua kwa ndege. Marubani wake hawakuwa wamezoea kuruka usiku na katika hali mbaya ya hewa, na katika muda wa majuma machache zaidi ya kumi kati yao walikufa. Ndipo maofisa walipomwita Link. Siku ya mkutano kulitanda ukungu mzito, nao wakadhani kwamba hatafika. Akatua salama kwa kufuata vipimo peke yake. Jeshi likanunua mashine sita. Katika Vita Kuu ya Pili ziliundwa zipatazo 10,000, na zaidi ya wanahewa 500,000 walijizoeza ndani yake.

Sehemu ya mashine hiyo inayotuhusu zaidi sisi walimu ilikuwa mezani kwa mkufunzi. Hapo kigari chenye magurudumu matatu kilitambaa juu ya ramani, kikichora kwa wino njia yote aliyoipita mwanafunzi. Aliyepotea aliliona kosa lake kwenye karatasi, akakaa na mkufunzi kulichambua, kisha akarudia.

Baadaye Link aligeukia uchunguzi wa bahari, akashiriki kuunda vyombo vya kuzamia. Mwaka 1973 chombo kimojawapo kilinaswa chini ya bahari karibu na Florida, na mwanawe Clayton akafa humo. Baba huyo aliyewapunguzia wengine hatari alipatwa na msiba katika chombo chake mwenyewe. Katika majonzi yake alianza kubuni mtambo wa kuokolea watu waliokwama vilindini. Alifariki mwaka 1981.

Leo marubani wa ndege kubwa zinazotua Uwanja wa Kilimanjaro hujizoeza hatari katika mashine zilizotokana na ile ya Link. Wako pia watu wanaonunua viti, usukani na vipimo vya ndege zilizokwisha kazi, wakaviunganisha na kompyuta nyumbani. Kipimo cha kimo, ambacho angani hutegemea kanieneo ya hewa, hutiwa mota ndogo nyuma yake, nayo huzungusha mshale kwa amri ya kompyuta. Kifaa ni kilekile. Kimepewa kazi mpya, kama mvukuto wa kinanda ulivyopewa.

Tuna mafunzo mawili hapa. La kwanza, zana bora ya kufundishia yaweza kutoka katika kitu kilichokwisha kutupwa, mradi mwalimu ajue anataka kifundishe nini. La pili ni zito zaidi. Mwalimu mwanafunzi anayekosea mbele ya watoto arobaini hafi, lakini watoto hao hupoteza kipindi kisichorudi. Kwa hiyo, kabla ya kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, tufundishane kwanza sisi kwa sisi chuoni. Mmoja wetu na akae nyuma na karatasi, aandike njia yote ya somo, pamoja na pale tulipopotea. Tuisome bila kuoneana haya, kisha turudie. Na tukimkuta mtoto wa Pasua na gari lake la waya, tumkaribishe darasani pamoja nalo.