Eligius, sonara aliyenunua watumwa ili wawe huru

Kipindini tuligusia misalaba ya dhahabu ya makanisa ya kale ya Ulaya. Hapa tunamweleza sonara aliyetengeneza mmoja wa iliyosifika sana: Eligius, ambaye Wafaransa humwita Éloi.

Alizaliwa karibu mwaka 588 huko Chaptelat, karibu na Limoges, katika Ufaransa ya leo. Alijifunza kazi kwa Abbo, sonara aliyesimamia utengenezaji wa sarafu. Baadaye mfalme Clotaire II akataka kiti cha enzi cha dhahabu na vito, akampa dhahabu ya kiti kimoja. Eligius akarudi na viti viwili. Aliyewahi kupeleka cheni kwa sonara ikarudi nyepesi anajua kwa nini mfalme alishangaa. Dhahabu kuliwa na tupa au moto kilikuwa kisingizio cha siku zote.

Chini ya Dagobert, mwana wa Clotaire, alitengeneza msalaba mkubwa wa kanisa la Saint-Denis, jirani na Paris. Vipande vyembamba vya dhahabu vilisimamishwa na kuungwa hadi vikafanya vyumba vidogo kama sega la nyuki, kisha kila chumba kikajazwa kito au kioo cha rangi kilichokatwa kukitosha. Baadhi ya vito vyekundu vya enzi hizo vilitoka India na Sri Lanka, vikivuka Bahari ya Hindi, bahari yetu hii hii.

Lakini sisi kilichotugusa zaidi ni fedha zake zilikokwenda. Akisikia watumwa wanauzwa, alikwenda kuwanunua, mara nyingine 50 au hata 100 kwa pamoja, wakishushwa chomboni. Pesa zikimwishia alitoa hata mkanda na nguo zake. Kisha aliwaachia wachague: kurudi kwao, kubaki naye, au kuingia utawani. Anayesimulia haya ni rafiki yake Audoin, na rafiki husifu, ila hata tukipunguza hesabu, wanabaki wengi.

Mwaka 632 alianzisha monasteri ya Solignac, mwaka 641 akawa askofu wa Noyon, na akafariki tarehe 1 Desemba 660.

Msalaba wake ulidumu zaidi ya miaka 1,100. Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, miaka ya 1790, uliharibiwa. Kimebaki kipande kidogo katika Maktaba ya Taifa, Paris, na mchoro wa karibu mwaka 1500, ulioko London, unaouonyesha ukiwa mzima juu ya altare.