Samuel Wanjiru: zahabu kwa miaka 21, kaburi kwa miaka 24

Mtu anayetoka Kasongo kwa miguu kwenda Kabambare anajua kama atalala njiani. Kilometa 42 na mita 195, ndio urefu wa mbio za maratoni, hazimfikishi hata nusu ya safari ile. Samuel Kamau Wanjiru, kijana wa Nyahururu, inchi ya Kenya, alizikimbia kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 32. Ilikuwa tarehe 24 Agosti 2008, mjini Beijing, katika michezo ya Olimpiki. Ni kusema kilometa moja kwa dakika tatu, ya kwanza mpaka ya mwisho, bila kupumzika. Mwenye kinga isiyobeba mzigo angetoka jasho kumfuata.

Alikuwa na miaka 21. Kenya, inchi ya wakimbiaji, ilikuwa haijapata hata mara moja zahabu ya maratoni ya Olimpiki, kwa wanaume wala kwa wanawake. Yeye ndiye aliyeileta. Kisha hapo, miaka mitatu haikutimia, akafa usiku mmoja nyumbani kwake, kwa kuanguka kutoka juu ya balkoni.

Alizaliwa tarehe 10 Novemba 1986. Nyahururu ni mji wa mlimani, wenye baridi, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Alilelewa na mama yake peke yake, na Wanjiru ni jina la huyo mama. Kwa Wakikuyu, Wanjiru ni jina la mwanamke. Mwanaume kutembea nalo ni kuonyesha watu wote kama baba hakuonekana. Hata Kasongo, mtoto asiyekuwa na jina la baba hachelewi kusikia maneno ya majirani. Yeye hakulibadilisha. Lile jina la mama ndilo dunia nzima ililisoma kwenye televizio.

Feza za masomo zilikosekana, shule ikakatika. Kilichobaki kilikuwa mbio, na alianza mapema, akiwa na miaka kama nane. Pale Kenya, watu kutoka Japani wanakuja kutafuta vijana wenye miguu mepesi, sawa vile watu wa mpira wanakuja kutafuta vijana Kindu ao Lubumbashi. Mwaka 2002, Wanjiru akiwa na miaka 15, walimchukua. Akapanda ndege, akaenda kusoma Sendai, kwenye shule ya Sendai Ikuei.

Mtoto wa miaka 15, lugha haijui, chakula hakijui, mama yuko mbali. Alijifunza Kijapani mpaka akakisema vizuri. Huko wanapenda sana mbio za kupokezana njiani, zinazoitwa ekiden. Mkimbiaji anavaa mshipi wa kitambaa, akimaliza kipande chake anauvua, anamkabidhi mwenzake. Ukichoka njiani, siyo wewe tu unayeshindwa, ni ekipe nzima inayongojea ule mshipi. Wajapani wana neno la hiyo roho ya kukaza meno na kuvumilia, gaman. Wanjiru alilishika hilo neno kuliko masomo mengine yote.

Alipomaliza shule mwaka 2005, akaingia ekipe ya kampuni ya Toyota, kule Kyushu. Kocha wake alikuwa Koichi Morishita, aliyepata medali ya feza katika maratoni ya Barcelona mwaka 1992. Mambo yakaenda haraka kabisa. Tarehe 26 Agosti 2005, mjini Brussels, alikimbia mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 41, rekodi ya dunia ya vijana. Wiki mbili tu baadaye, Rotterdam, akavunja rekodi ya dunia ya nusu maratoni kwa dakika 59 na sekunde 16. Alikuwa na miaka 18! Haile Gebrselassie wa Ethiopia aliichukua rekodi ile Januari 2006. Wanjiru akairudisha mwaka 2007, na kisha mwezi kidogo akaipunguza tena, mjini The Hague.

Maratoni yake ya kwanza ilikuwa Fukuoka, Desemba 2007, akashinda. Aprili 2008, London, akawa wa pili nyuma ya Mkenya mwenzake Martin Lel. Basi ikafika Beijing.

Hapo inafaa kueleza kidogo, juu ya kuelewa alichokifanya. Mbele ya ile siku, maratoni ya Olimpiki ilikuwa mbio za watu wenye hofu. Inakimbiwa wakati wa joto, na hakuna wakimbiaji wa kulipwa wa kukata upepo mbele. Kila mtu anachungana na mwenzake, wanakwenda polepole, vita inaanza kilometa za mwisho. Rekodi ya Olimpiki, saa 2, dakika 9 na sekunde 21 ya Carlos Lopes wa Ureno, ilikaa tangu mwaka 1984. Beijing nayo watu waliiogopa juu ya joto na moshi.

Mbio zilianza asubuhi ya China. Kasongo na Kabambare ilikuwa usiku wa manane, watu wamelala. Wanjiru na wengine wachache walitoka mbio tangu mwanzo, sawa vile hakuna jua wala kilometa 42 mbele yao. Wenye kujua michezo waliwaza kama wale watoto watakufa njiani. Nusu ya njia walipita kwa saa moja na dakika mbili na kitu. Mmoja mmoja walianza kubaki nyuma. Yeye alikuwa anaongeza mwendo, anapunguza, anaongeza tena, mpaka akabaki na Jaouad Gharib wa Maroko, aliyekuwa shampiona wa dunia mara mbili. Kilometa za mwisho akamwacha na huyo. Aliingia uwanjani peke yake, akipungia watu mkono. Ile rekodi ya miaka 24 aliikata karibu dakika tatu. Tangu hapo, hakuna tena mkimbiaji mkubwa anayeweza kusema kama joto linakataza kwenda mbio tangu mwanzo.

Mwaka 2009 akashinda London na Chicago. Mashindano makubwa ya maratoni yalikuwa na zawadi ya dola 500,000 kwa anayekusanya alama nyingi kwa miaka miwili. Wanjiru aliipata mara mbili. Na hizo siyo feza zote, kulikuwa pia zawadi ya kila mbio, malipo ya kuja tu kukimbia, na kontra za viatu.

Mtu wa Salamabila, anayejua machimbo, haitaji kuelezwa sana. Kijana akipata zahabu mingi siku moja, marafiki wanazaliwa usiku ule ule. Japani kulikuwa na mtu wa kumwambia saa ya kulala, saa ya kula, saa ya kuamka. Aliacha ekipe ile mwaka 2008, mwaka ule ule wa Olimpiki, na aliporudi kukaa Nyahururu alikuwa tajiri kuliko wote waliomzunguka. Nani atamwambia tajiri wa mji aende kulala? Watu wa karibu naye walisema kama pombe ilikuwa mingi. Mazoezi yalipungua. Bila shaka alikuwa na ukarimu, alilipia watu, alijenga, alinunua. Lakini alitoka utotoni akaingia moja kwa moja katika ekipe, na katika ekipe akaingia moja kwa moja kwenye mali. Hapo katikati, pale wengine wanajifunza kuishi na feza kidogo, yeye hakupapita.

Hata hivyo, Oktoba 2010, Chicago, alionyesha mara ya mwisho yeye ni nani. Alifika akiwa hajajitayarisha vizuri, na tumbo lilikuwa limemsumbua siku chache mbele ya mbio. Tsegay Kebede wa Ethiopia, yule aliyekuwa wa tatu Beijing, alimshambulia mara kwa mara kilometa za mwisho. Kila mara Wanjiru anabaki nyuma, watu wanasema leo amekwisha, na kila mara anarudi. Mbele kidogo ya kumaliza kuna kilima kifupi. Pale akachomoka, akafika sekunde 19 mbele ya Kebede, kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 24. Wengi waliofuata maratoni miaka mingi wanahesabu zile dakika za mwisho kati ya nzuri zaidi walizoziona.

Miezi miwili baadaye, Desemba 2010, alikuwa mbele ya tribinali. Alishitakiwa kumtishia mke wake kifo, na kuwa na bunduki ya AK-47 bila ruhusa. Alikana yote. Mwaka 2011 ulipoanza, mke aliondoa mashitaka yake, wakapatana, lakini kesi ya bunduki ilikuwa haijakwisha. London ya Aprili hakukimbia.

Usiku wa jumapili, tarehe 15 Mei 2011, mke alirudi nyumbani akamkuta na mwanamke mwingine. Kwa maelezo ya polisi, mke alifunga mlango wa chumba kwa nje, akatoka. Kisha Wanjiru akaanguka kutoka kwenye balkoni ya etaje. Siyo juu sana, lakini aliumia vibaya kichwani. Alikuwa na miaka 24. Kama aliruka kwa hasira, ao alitaka kumfuata mke aliyekuwa anaondoka, polisi wenyewe walisema mambo tofauti siku zile za kwanza. Mama yake alikataa yote mawili. Kwake, mwanawe aliuawa, na alilisema wazi mbele ya watu.

Ndipo msiba ukageuka vita. Mama alikwenda tribinali kuzuia maziko mpaka kifo kichunguzwe. Kulikuwa mabishano juu ya nani ni mke na nani siyo, na nyuma ya mabishano hayo kulikuwa mashamba na manyumba. Maiti ilikaa karibu wiki nne. Anayejua namna familia zinavyogombania maiti ya mtu mwenye mali, hata kama mwenyewe alikuwa mtoto mdogo tu, atasikia kama hadithi ya kijiji chake. Alizikwa tarehe 11 Juni 2011 kwenye shamba lake karibu na Nyahururu. Wakimbiaji wakubwa wa Kenya walikuja, na polisi pia walikuja, kwa sababu ugomvi ulifika mpaka kaburini.

Mwaka uliofuata, katika Olimpiki ya London, zahabu ya maratoni ilikwenda Uganda, kwa Stephen Kiprotich. Kenya ikangojea mpaka Eliud Kipchoge, mwaka 2016 na tena mwaka 2021. Wote wawili hawakufikia muda wa Beijing katika Olimpiki. Februari 2024 Kenya ikampoteza kijana mwingine wa maratoni, Kelvin Kiptum, katika ajali ya gari. Yeye naye alikuwa shampiona wa Chicago, na yeye naye alikuwa na miaka 24.

Rekodi ya Wanjiru ilikaa miaka 16. Iliangushwa tarehe 10 Agosti 2024, mjini Paris, na Tamirat Tola wa Ethiopia, aliyekimbia kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 26. Tofauti ni sekunde 6.