Kupchan, mwanakemia aliyesaka dawa ya saratani katika mimea ya Afrika

Kuanzia kisiwa cha Manda kule Lamu hadi Vanga, mpakani na Tanzania, wakazi wa mwambao wa Kenya wamejitibu kwa miti shamba tangu enzi za mababu. Hata hivyo, ni wachache wanaofahamu kwamba mmea mmoja wa pwani hiyo uliwahi kuvunwa kwa matani ili Wamarekani wautafutie dawa ya saratani. Chanzo cha mavuno hayo kilikuwa utafiti wa marehemu Profesa Morris Kupchan.

Kupchan alizaliwa mjini New York mwaka 1922, akapata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1945. Alifundisha katika Chuo Kikuu cha Wisconsin kabla ya kuhamia kile cha Virginia mwaka 1969. Enzi hizo, Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilikuwa ikikusanya maelfu ya mimea kutoka kila pembe ya dunia, na maabara ya Kupchan ilikuwa miongoni mwa zilizoichambua.

Mnamo 1972, Kupchan na wenzake walitangaza kwamba wamepata kemikali waliyoiita maitansini katika mmea wa jamii ya Maytenus kutoka Ethiopia. Kemikali hiyo huzuia seli kugawanyika, na ilionyesha nguvu dhidi ya saratani ya damu katika panya. Tatizo lilikuwa uhaba, kwani tani nzima ya mmea ilitoa kiasi kidogo sana tu. Ndipo wakusanyaji walipogeukia Maytenus buchananii katika hifadhi ya Shimba Hills, Kwale, wakavuna zaidi ya tani 27. Waliporejea miaka kadhaa baadaye, mmea huo ulikuwa haujachipuka vya kutosha.

Kupchan alifariki dunia mwaka 1976 akiwa na umri wa miaka 54. Majaribio kwa binadamu yalivunja moyo, kwa kuwa kipimo cha kuua saratani kilimdhuru pia mgonjwa. Aidha, mwaka 1977 wanasayansi wa Japani walipata kemikali za ukoo huo katika bakteria, na haja ya kuuvuna mmea ikapungua.

Utafiti wake haukupotea, lakini. Mwaka 2013, Marekani iliidhinisha trastuzumab emtansine, dawa ya saratani ya matiti inayounganisha kemikali ya ukoo wa maitansini na kingamwili inayoifikisha kwenye seli zenye ugonjwa.

Suala la haki, hata hivyo, lilibaki. Marehemu Profesa Calestous Juma, msomi wa Kenya, aliandika mwaka 1989 kwamba Wadigo waliujua mmea huo kama tiba, ilhali ulichukuliwa bila idhini yao. Mkataba wa kimataifa wa bayoanuwai uliotambua haki ya kugawana manufaa ulipatikana mwaka 1992, miaka 16 baada ya Kupchan kuzikwa.