Bibi Octavia Hill na Nyumba za Wapangaji

Kijana amalizapo shule akaenda mjini kutafuta kazi, mara nyingi shida yake ya kwanza ni chumba. Ndugu zetu waliotutangulia shuleni hapa wanaijua sana: kodi ni kubwa, paa linavuja, na mwenye nyumba haonekani ila siku ya kudai. Lakini shida hiyo si ngeni, wala si ya miji yetu tu. Zaidi ya miaka 150 iliyopita watu maskini wa London waliteseka kwa jambo hilo hilo, na mmoja wa wale walioonyesha njia ya kulitengeneza alikuwa mwanamke asiye na mali, Bibi Octavia Hill.

Alizaliwa tarehe 3 Desemba 1838 katika mji mdogo wa Wisbech, mashariki ya Uingereza. Jina lake latokana na neno la Kilatini lenye maana ya nane, maana alikuwa binti wa nane wa baba yake. Baba huyo alikuwa mfanya biashara wa nafaka. Alifilisika, kisha akaugua ugonjwa wa akili, na mzigo wa watoto ukamwangukia mama. Babu mzaa mama, Daktari Southwood Smith, aliwasaidia. Huyo alijulikana sana kwa juhudi yake ya kuiamsha serikali juu ya uchafu na msongamano uliokuwa ukileta homa mijini.

Octavia hakupelekwa shule. Alifundishwa nyumbani na mama yake. Walipohamia London, mama akapata kazi katika chama cha ushirika cha wanawake. Octavia, akiwa na umri wa miaka 14 tu, akapewa kazi ya kuwasimamia watoto maskini waliokuwa wakitengeneza vitu vya kuchezea. Kwa kuwatembelea makwao ndipo alipoona jinsi jamaa nzima walivyolala katika chumba kimoja kibovu. Tangu hapo hakuwa na raha.

Katika mwaka wa 1865 alimweleza habari hizo rafiki yake, John Ruskin, mwandishi maarufu aliyekuwa amerithi mali. Ruskin akatoa fedha za kupata nyumba tatu mahali palipoitwa Paradise Place, yaani Mahali pa Peponi, ingawa palikuwa mbali sana na pepo. Madirisha yalivunjika, na mbao za kushikia kwenye ngazi zilikuwa zimechomwa kuni. Ruskin alitaka apewe faida ya 5 kwa mia kila mwaka, ili matajiri wengine waone kwamba nyumba za maskini zaweza kujilipia zenyewe bila sadaka, nao wafuate.

Njia ya Bibi Hill ilikuwa nyepesi kuieleza, ngumu kuitenda. Kila juma alipiga hodi mlangoni mwa kila mpangaji, akapokea kodi kwa mkono wake na kuiandika daftarini. Asiyetaka kulipa aliondolewa. Lakini naye alijifunga kutimiza wajibu wake. Kila nyumba ilitengewa fungu la fedha za matengenezo. Kilichobaki baada ya kutengeneza vilivyovunjika kilitumiwa kwa jambo walilolichagua wapangaji wenyewe. Basi kila aliyetunza kioo cha dirisha alijua faida itamrudia. Waliokosa kazi alijaribu kuwapa kazi ya kupaka rangi na kutengeneza nyumba, na wasichana wakubwa walilipwa kwa kusafisha ngazi.

Kazi ikakua. Ilipofika mwaka wa 1874 alikuwa na wapangaji karibu 3,000, na wanawake wengine aliowafundisha wakimsaidia. Katika mwaka wa 1884 wasimamizi wa mali ya Kanisa la Uingereza walimkabidhi nyumba zao za Southwark, naye akajenga huko nyumba ndogo nzuri kando ya bustani. Aliamini kwamba maskini anahitaji pia mahali pa kupumzika penye miti. Kwa ajili hiyo, mwaka wa 1895, yeye na wenziwe wawili, Robert Hunter na Hardwicke Rawnsley, walianzisha National Trust, chama ambacho hata leo hulinda mashamba, pwani na majumba ya kale ya Uingereza.

Si kila alilolishika lilikuwa sawa. Alipinga serikali za miji kujenga nyumba za kupangisha, akapinga na malipo ya uzeeni, akihofu kwamba watu watazoea kusaidiwa. Lakini shida ya London ilizidi uwezo wa watu wema wachache, na baadaye halmashauri za miji zilijenga nyumba nyingi sana. Hata hivyo halmashauri zilizojenga ziligundua kwamba kujenga ni nusu ya kazi. Waliajiri wanawake waliofundishwa kwa mfano wake ili nyumba zisiharibike.

Alifariki tarehe 13 Agosti 1912, akazikwa katika kijiji cha Crockham Hill.

Wenzangu, baadhi yetu tutakuwa wapangaji, wengine wenye nyumba, na wengine makarani na madiwani wa miji. Tukumbuke daftari lile la kila juma. Lilimdai mpangaji kodi yake, lakini lilimdai na mwenye nyumba paa lisilovuja.